Kanga mbichi na mji wa Bwana Salt

Jumapili, usiku

Leo nilikuwa ofu. Asubuhi nimefua kanga zangu mbili kwenye beseni, nikazikamua, halafu nikabaki nimezishika kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake. Pa kuzianika hamna. Kwenye friji la nyumba tunayokaa kuna karatasi ya masharti kumi na moja, imebandikwa kwa gundi siyo sumaku, maana yake haitoki leo wala kesho. Sharti la nne linakataza kuanika nguo kwenye hita. La tano linakataza dirishani na uani upande unaoonekana na wapita njia. Nyumba ni ya mwajiri. Kodi inakatwa kwenye mshahara kabla macho yangu hayajauona. Na viza yangu imesimama juu ya cheti cha udhamini cha mwajiri huyohuyo, kwa hiyo karatasi ya friji huwa naisoma kwa adabu zote.

Nikazitundika kanga kwenye mlango wa kabati, chini nikaweka mfuko wa plastiki, nikaenda zangu stesheni.

Nilikuwa naenda Saltaire, mji mdogo uliojengwa kwa ajili ya kiwanda cha kufuma vitambaa. Jina hilo nimelisikia tangu nianze kazi ya kuhudumia wazee huku Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, kwa sababu ya bibi mmoja ninayemhudumia. Ana tabia moja iliyonichanganya wiki za mwanzo: katikati ya maneno sauti inakatika, midomo inaendelea kwa mapana, kama televisheni iliyozimwa sauti. Nikaogopa ni kiharusi, nikataka kumwita muuguzi. Kumbe alianza kazi kiwandani akiwa na miaka kumi na tano. Penye mitambo ya kufuma, mtu akupigie kelele sikioni humsikii, basi wafanyakazi walisomana midomo. Mpaka leo akitaka kumsengenya jirani wa chumba cha pili, anazima sauti. Kiwanda chenyewe kilikuwa cha Saltaire. "Nenda ukaone, mpenzi," aliniambia. (Huku kila mtu ni mpenzi, hata dereva wa basi. Siku ya kwanza nilishtuka, sasa naitika.)

Kutoka Bradford treni haichukui hata robo saa. Ukishuka tu, kiwanda hiki hapa, huna haja ya kuuliza. Mawe ya rangi ya asali iliyokaa sana, ghorofa sita, urefu futi 545, yaani mita mia na sitini na kitu. Nilitembea toka kona hadi kona nikihesabu madirisha, nikapotea hesabu, nikaacha.

Aliyejenga ni Titus Salt, amezaliwa mwaka 1803, mtoto wa mfanyabiashara wa sufu. Utajiri wake wa kweli ulitokana na kitu ambacho wenzake walikidharau. Mwaka 1836 alikuta Liverpool marobota ya manyoya ya alpaka kutoka Peru, mnyama wa jamii ya ngamia mwenye sura ya kondoo aliyevutwa shingo, na hakuna aliyeyataka kwa sababu yalisumbua kusokota. Akayanunua, akahangaika nayo mpaka ukatoka uzi, na uzi ukatoa kitambaa chenye mng'ao kilichopendwa na akina mama wenye uwezo. Hapo mambo yakamnyookea.

Bradford yenyewe ilikuwa imefura. Mwaka 1801 ilikuwa na watu kama 13,000, mwaka 1851 wakawa zaidi ya 100,000, na mitaro haikuongezeka kwa mwendo huo. Salt alikuwa meya mwaka 1848 hadi 1849, na kipindupindu kikaingia mikononi mwake. Alishafunga kwenye viwanda vyake kifaa cha kupunguza moshi, lakini wenye viwanda wengi hawakumfuata. Naona ndipo alipokata tamaa ya kuutengeneza mji wa watu wote, akaamua kujenga wake mwenyewe. Akachagua bonde la mto Aire, penye mto, mfereji wa maji na reli pamoja. Kiwanda kikafunguliwa tarehe 20 Septemba 1853, siku aliyotimiza miaka hamsini, kwa karamu ya watu zaidi ya elfu tatu. Mji ukapewa jina lake likiunganishwa na la mto. Na mitaa? Mke wake Caroline ana mtaa. Wanawe kumi na mmoja wana mitaa yao: Ada, Helen, Fanny, Amelia, George, Herbert... Nilisimama kwenye kibao cha mtaa wa Fanny nikawaza: unatoka kazini umechoka, unakwenda kulala ndani ya jina la binti wa bosi.

Lakini nisimkosee haki. Nyumba zinapita 800, za mawe, zimesimama mpaka leo na watu wanazigombania. Kila moja ilikuwa na maji yake, gesi yake, choo chake uani, wakati ambapo Bradford familia kadhaa zilipanga foleni kwenye choo kimoja. Mashafti ya kuendesha mitambo aliyapitisha chini ya sakafu ili yasimnase mtu na kelele ipungue. Akajenga shule, hospitali, bustani, jumba la maktaba na mihadhara. Watoto wa miaka minane walifanya kazi nusu siku na kusoma nusu siku. Sheria ya nchi iliruhusu hivyo, na hapa napo walikuwepo, pamoja na wema wote huo.

Baa hakuna. Hilo alilikataa kabisa. Siku hizi kuna baa, na moja imejiita Don't Tell Titus, yaani usimwambie Titus. Nilicheka peke yangu barabarani.

Kilichonishika zaidi ni kanisa. Linatazamana na geti la kiwanda, limejengwa mwaka 1859, lina kibaraza cha nusu duara chenye nguzo kubwa. Salt alikuwa Mkongregeshonali, miongoni mwa Wakristo waliolikataa Kanisa la Uingereza na uongozi wake wa maaskofu na serikali. Wao kila usharika unajitawala. Kuwa hivyo kulikuwa na gharama. Mpaka mwaka 1828 sheria iliwafungia watu kama yeye vyeo vya umma, naye alikuwa kijana wa miaka ishirini na nne. Mpaka mwaka 1868, hata kama husali kwenye Kanisa la Uingereza, uliweza kudaiwa kodi ya kulikarabati. Nadhani ndiyo iliyompeleka kwenye siasa upande wa mageuzi: haki ya kupiga kura iwafikie wengi zaidi, kodi ya kanisa ifutwe. Alichaguliwa kuwa mbunge wa Bradford mwaka 1859, akajiuzulu mwaka 1861, afya mbovu. Msemaji hakuwa. Bunge halikumfaa, kwa ufupi.

Sasa hapo ndipo akili yangu ilipoganda, nikakaa kwenye ngazi za kanisa. Huyu ni mtu aliyejua kabisa maana ya kuishi chini ya masharti ya mwingine, ya kuambiwa nchi ni yako lakini uwe hivi na vile. Alipopata nafasi ya kujenga mji, akaweka masharti yake. Mazuri, nakubali. Wamethodisti aliwapa kiwanja wajenge kanisa lao, kwa hiyo dini hakulazimisha. Lakini kazi kwake, nyumba kwake, shule kwake, na ukifukuzwa kimoja, vingine vinakusubiri mpaka lini?

Na nguo! Nilikuwa sijui. Bwana Salt alichukia kuona nguo zimeanikwa mitaani. Akawajengea watu nyumba ya kufulia, yenye mashine za mvuke na vyumba vya hewa moto vya kukaushia, na mabafu ndani yake. Ufumbuzi wa kila kitu, ungesema. Wanawake hawakuishabikia sana. Kulikoni kubeba mashuka yenye madoa ya nyumbani kwako kuyapitisha mbele ya mtaa mzima? Nimewaelewa bila mkalimani. Baadaye ikageuzwa makazi, leo haipo. Nimesoma habari hiyo kwenye maelezo ya wageni nikazikumbuka kanga zangu kwenye mlango wa kabati, zinadondosha tone moja moja.

Nilimalizia kwa nyumba za wazee, kwa sababu ya kazi yangu. Ziko 45, za mwaka 1868, ndogo, za mawe, zimezunguka uwanja wa majani. Waliopewa hawakulipa kodi, tena walipewa posho ya wiki: shilingi 7 na peni 6 kwa aliye peke yake, shilingi 10 kwa mume na mke. Serikali ya Uingereza ilianza kulipa pensheni ya uzee mwaka 1909, kwa hiyo mzee huyu aliitangulia kwa miaka arobaini. Nilikaa kwenye benchi nikatazama vile vizingiti vya chini, mlango ambao mtu mwenye mkongojo anaingia bila kupanda ngazi. Nyumba tunayowahudumia wazee wetu ina ngazi tatu mlangoni.

Sharti la kuingia: uwe huwezi kazi tena, na uwe na tabia njema. Tabia njema aliipima nani? Msimamizi wa kiwandani? Huku kazini kwetu ninajaziwa fomu ya tathmini kila baada ya miezi mitatu na anayejaza ndiye anayepanga zamu.

Salt alifariki tarehe 29 Desemba 1876, na siku ya mazishi inakadiriwa watu 100,000 walijipanga njiani. Watu hawajipangi hivyo kwenye baridi ya Januari kwa sababu ya woga. Salt maana yake chumvi, na inasimuliwa kwamba alipoambiwa anatengenezewa sanamu alitania kuwa wanataka kumfanya nguzo ya chumvi, kama mke wa Lutu. Sanamu walimtengenezea akiwa hai.

Mama amepiga simu nikiwa kwenye treni. Nikamwambia habari za nyumba, maji, pensheni. Akaniuliza swali moja tu: "Sasa mwanangu, wewe ungekubali kukaa?" Nikamjibu ningekubali siku hiyohiyo. Akanyamaza, halafu akauliza kama nimekula.

Nimefika, kanga bado mbichi.

Jumatatu, baada ya zamu

Asubuhi nikimvalisha bibi soksi nikamwambia nimekwenda. Akafurahi. Nikamuuliza kuhusu nguo, kama na wao walikatazwa. Akacheka mpaka akakohoa. Enzi zake Salt alishakufa zamani, nyumba zilikwisha kuuzwa kwa kampuni tangu mwaka 1933. Jumatatu ilikuwa siku ya kufua, anasema, kamba toka ukuta huu hadi ule wa ng'ambo, mashuka yamejaa kichochoro hadi mleta makaa anashindwa kupita anaanza kutukana.

"Na mwenye nyumba alisemaje?"

Bibi akatazama mlango kwanza. Umefungwa. Hata hivyo akazima sauti, akanijibu kwa midomo tu, maneno marefu, kwa mapana, akimalizia na kutikisa kichwa. Bado sijajifunza kuisoma vizuri. Nimemwomba arudie, akanipapasa mkono, akanyoosha mguu wa pili nimvalishe.