Hoja ya Mama Asiyo bado iko mezani

Mama Phoebe Asiyo alipofariki Julai 2025, akiwa na umri wa miaka 92, redio ya kibanda chetu hapa Kenyatta Market ilishinda ikimtaja. Wasichana ninaosuka nao, wengi wao wamezaliwa baada ya 2000, wakaniuliza huyu mama alikuwa nani hasa. Niliwajibu huku mikono ikiendelea na kazi, lakini habari zenyewe haziishi kwa kichwa kimoja cha rasta. Ndiyo maana naandika.

Mama Asiyo alikuwa mwanamke Mwafrika wa kwanza kuongoza shirika la wanawake la Maendeleo ya Wanawake, mwaka 1958, kabla nchi haijapata uhuru. Alifanya kazi katika idara ya magereza, kisha akaingia siasa na kuwa mbunge wa Karachuonyo. Uchaguzi wa 1992, ule wa kwanza baada ya vyama vingi kurudi, ulipeleka bungeni wanawake 6 tu waliochaguliwa na wananchi, yeye akiwa mmoja wao. Hebu fikiria kuingia kila siku katika ukumbi wa aina hiyo, unanyoosha mkono uongee, na kila unachosema kinachukuliwa kuwa mambo ya wanawake.

Mwaka 1997 aliwasilisha hoja ya kutaka wanawake wapewe nafasi maalum katika uongozi wa nchi. Wenzake wakaiangusha.

Wengi wetu tungerudi nyumbani tukanyamaza. Yeye akaenda kukaa kwenye tume ya kurekebisha katiba, ile iliyoongozwa na Profesa Yash Pal Ghai, iliyozunguka nchi nzima kukusanya maoni ya watu. Rasimu iliyofuata iliangushwa kwenye kura ya maoni ya 2005. Lakini wazo lilikuwa limeshaota mizizi, na Agosti 27, 2010, Rais Kibaki alipoidhinisha katiba mpya pale Uhuru Park, lilikuwa ndani yake: katika chombo chochote cha umma cha kuchaguliwa au kuteuliwa, jinsia moja isizidi thuluthi mbili, yaani ile nyingine isipungue thuluthi moja. Nilikuwa Uhuru Park siku hiyo, nimesimama kwenye jua pamoja na mama yangu aliyekuja kutoka Ukunda, na nilipiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Niliamini kazi imekwisha.

Sasa hapa ndipo ninapotaka wasichana wangu wanisikilize vizuri. Kwa mabunge ya kaunti, katiba ilieleza jinsi ya kuifikia hiyo thuluthi: kura zikishahesabiwa, vyama vinaongeza wateule mpaka uwiano utimie. Kwa hivyo bunge la kaunti ya Nairobi lina wanawake wa kutosha kisheria, tupende tusipende. Kwa Bunge la Taifa, katiba ilitaja kanuni lakini haikutaja njia. Iliweka viti 290 vya maeneo bunge, 47 vya wawakilishi wa wanawake na 12 vya uteuzi, ikawaachia wabunge wenyewe watunge sheria ya kujaza pengo. Yaani walioketi ndio waliopewa kazi ya kuamua nani mwingine aketi.

Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2012 kwamba sheria hiyo ipatikane kufikia Agosti 27, 2015. Tarehe ikafika, Bunge likajiongezea mwaka mmoja. Mwaka 2016 mswada ukapigiwa kura mara mbili, na ulihitaji wabunge 233 wauunge mkono. Mara ya kwanza walipatikana 195. Mara ya pili 178. Ukarudishwa Februari 27, 2019, wakapatikana 174. Soma tena hizo nambari, maana mimi zilinikosesha usingizi. Kadiri miaka ilivyokwenda, ndivyo walivyopungua. Katika viwanja vya mikutano sijawahi kumsikia mwanasiasa akijitokeza kusema anapinga usawa. Siku ya kura kiti chake kiko tupu, na kiti tupu kinahesabiwa sawa na hapana.

Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais Uhuru Kenyatta alivunje Bunge kwa kushindwa kutimiza katiba. Mahakama ikasimamisha ushauri huo baada ya siku chache, na Bunge likamaliza muhula wake.

Uchaguzi wa 2022 ukaja. Wanawake 29 walishinda viti vya maeneo bunge kati ya 290. Hapa Nairobi tuna maeneo bunge 17, na mwanamke aliyeshinda ni Beatrice Elachi peke yake, kule Dagoretti Kaskazini. Chukua hao 29, ongeza wawakilishi wa wanawake 47, unapata 76. Hata kama viti vyote 12 vya uteuzi vingepewa wanawake, tungefika 88. Thuluthi moja ya Bunge hilo ni 117.

Nina mteja, jina lake nalihifadhi, anayetaka kuwania kiti cha wadi katika bunge la kaunti mwaka 2027. Jumamosi moja alikuwa kwangu anasuka. Nilikuwa nimeshagawa nywele, naanza upande wa kisogoni, naye ananisaidia kutenganisha rasta na kunipa moja moja. Simu ikaita. Kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi, akaiweka sauti kubwa, sote tukasikia. Alikuwa mkubwa mmoja wa chama chake. Akamwambia kwa upole kabisa, "Mama, wewe tulia. Tikiti tunampa kijana fulani, wewe tutakuweka kwenye orodha ya uteuzi." Kibanda kizima kikanyamaza. Mteja wangu hakuinua hata kichwa. Akamjibu, "Mzee, hiyo orodha mpeni kijana. Mimi nataka jina langu kwenye karatasi ya kura."

Nimeyatafakari sana mazungumzo hayo. Njia ile iliyowekwa kutuhakikishia nafasi katika kaunti sasa inatumiwa kutuondoa debeni. Mwanamke anaambiwa asijisumbue kwa kuwa atateuliwa, na orodha yenyewe inaandikwa na mtu yuleyule aliyemnyima tikiti. Uchaguzi ukipita anaweza kujikuta jina lake liko mkiani, wala hana wa kumlalamikia.

Sisemi kwamba viti vya uteuzi havina maana. Wanaopinga mswada hupenda kusema kwamba utaongeza wabunge wa bure na mzigo wa mishahara kwa mlipa kodi. Mimi nalipa kodi, nalipa na ada ya kibanda, kwa hiyo gharama inanihusu. Lakini Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 ililetwa bungeni na mbunge wa kuteuliwa, Njoki Ndung'u, ambaye baadaye alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Hakuwa na eneo bunge wala kura hata moja ya kujivunia. Alisimama katika ukumbi uliojaa wanaume akataja ubakaji na unajisi kwa majina yake, akavumilia kejeli, mswada ukapita. Kuna mama nimemsuka kwa miaka mingi ambaye kesi ya binti yake ilisimama mahakamani kwa sheria hiyo. Nani atanionyesha mshahara wa mbunge uliotumika vizuri kuliko huo?

Ninachotaka ni vyote viwili. Bunge lipitishe sheria ya kujaza pengo, kama kaunti zilivyowekewa, na vyama viwape wanawake tikiti katika maeneo ambayo vinajua vitashinda, si kule vinakokwenda kuandikisha jina tu. Hayo ya tikiti hayahitaji kura 233. Yanahitaji viongozi wachache wa chama kukaa na kuamua, na wanaweza kuamua wiki hii.

Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Wanasiasa wameanza kupita hapa sokoni, wanasalimia wasusi na wauza nyama choma, wanapigwa picha. Tumekubaliana na wenzangu kwamba kila aliyekuwa bungeni mwaka 2019 tutamuuliza alikuwa wapi Februari 27, na kila mwenye cheo katika chama tutamuuliza ni wadi zipi za Nairobi ambazo mwanamke atabeba bendera yao. Mteja wangu anarudi mwisho wa mwezi kufumua na kusuka upya. Bado hajapewa tikiti, na bado hajakubali orodha.