Mizani ya alizeti ndiyo iliyotutolea pampu kisimani

Kila fundi niliyewahi kumuuliza kuhusu klipu za waya ropu, vile vibanio vya boliti vinavyofunga ncha ya kamba ya chuma ya kunyanyulia, alinipa jibu lilelile: kaza mpaka basi. Hiyo basi iko wapi, hakuna aliyesema. Nina miaka 11 kwenye kazi ya pampu za visima virefu, na miaka mingi ya hiyo hata mimi nilikuwa nawajibu vijana wangu hivyohivyo. Naandika haya kwa sababu jibu hilo nusura limkate mtu mkono mbele ya macho yangu, na dawa yake nikaja kuipata kwa mnunuzi wa alizeti.

Kazi ilikuwa kijiji kimoja mkoani Singida. Pampu ya umeme ya kuzama imekaa mita 90 chini, imening'inia kwenye mabomba 15 ya chuma ya inchi mbili, na ilikuwa imekufa wiki ya tatu. Akina mama walikuwa wamerudi kufukua mchanga mtoni ili wapate maji. Mwenyekiti wa kijiji alitupokea kwa maneno machache: "Fundi, leo usituambie kesho."

Watu wengi hudhani kinachonyanyuliwa ni pampu. Pampu na mota yake ni kilo 50 hivi. Mzigo ni bomba. Kila mita ya bomba la inchi mbili ni kilo 5, kwa hiyo mita 90 ni kilo 450, na kama vali ya chini bado inazuia vizuri, maji yaliyomo ndani yanaongeza kilo 200 nyingine. Weka tani moja kasoro robo. Sisi tulikuwa na tripodi, winchi ya mkono, kapi la juu, na waya wa milimita 12. Waya wa namna hiyo wa misuko sita, ukiwa mpya, hukatika kwenye tani 8 na ushee. Kwa kunyanyulia unaigawa kwa tano, inabaki tani 1.7. Jicho, yaani kitanzi cha mwisho wa waya, likifungwa kwa klipu zikakaa sawasawa, chukua asilimia 80 ya hapo. Bado tulikuwa na nafasi. Waya haukuwa tatizo hata kidogo.

Jicho la waya alilifunga mwenzangu, mtu aliyenifundisha kazi na ninayemheshimu mpaka leo. Aliweka klipu mbili, akazigeuza kila moja na upande wake. "Moja iume huku, nyingine iume kule," alisema, "waya hauna pa kukimbilia." Kipete cha kuweka ndani ya jicho, kile chenye umbo la tone la maji, hakikuwepo, akasema si lazima. Akakaza kwa spana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Nami nikaona sawa. Maneno yake yalikuwa na mantiki kabisa masikioni.

Vijana wawili wakashika mikono ya winchi. Wa tatu alipiga magoti kando ya mdomo wa kisima, kiganja chake kikiwa chini ya ile klempu iliyoshika bomba, akiielekeza ipande bila kukwama. Bomba likapanda sentimita 20 hivi. Kijana akaondoa mkono afute jasho lililomwingia jichoni. Hapo ndipo nikasikia mkwaruzo, kama mtu anaburuta kisu kwenye jiwe, mrefu, wala haukuwa mlio wa kitu kinachokatika. Nilitazama juu, nikaona mkia wa waya, ile ncha iliyokunjwa kurudi nyuma, unaingia ndani ya klipu ya kwanza na kupotea. Kisha klempu ikapiga mdomo wa kisima kwa kishindo ambacho watu waliokuwa kwenye mti wa mbali walisimama wote.

Bomba halikuzama, maana klempu ilikuwa bado imeshika na ikakalia pale ilipokuwa mwanzo. Kijana alikuwa mzima. Alibaki amepiga magoti, anautazama mkono wake. Niliamuru kazi isimame, ikasimama kweli, ingawa mwenyekiti alikuwa ananitazama.

Niliukalisha ule waya mapajani nikaufungua. Upande uliokuwa unabeba mzigo, pale yu-bolti ya klipu moja, ile boliti yenye umbo la U, ilipokandamiza, palikuwa na mifereji miwili iliyobonyea, nyuzi zimelala bapa kama tambi. Na nati, ambazo mwenzangu alizikaza kwa nguvu zake zote, nilipozijaribu zilizunguka kwa wepesi. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyonifundisha yote.

Klipu ina yu-bolti na kikalio, kile kipande kinene ambacho waya hukalia. Kikalio kimechongwa mifereji inayofuata misuko ya waya, kwa hiyo kinaushika bila kuuumiza. Yu-bolti haina huruma. Inakandamiza sehemu nyembamba na kuubonyeza waya. Basi kikalio lazima kilale kwenye waya unaobeba mzigo, na yu-bolti ikae upande wa mkia, kwa kila klipu, zote zikitazama upande mmoja. Mimi huwaambia vijana hivi: U inauma mkia. Ukiigeuza hata moja, umeuponda waya uleule uliotundika tani yako, na kushika kwenyewe haishiki. Kumbe ile hekima ya moja huku na moja kule ilitudhuru pande zote mbili.

Na nati zililegea kwa nini? Waya ukibeba mzigo hujivuta na kuwa mwembamba kidogo. Klipu iliyokuwa imebana asubuhi, baada ya mzigo wa kwanza haijabana tena. Hata ungekuwa na nguvu za trekta, ukikaza mara moja tu ukaondoka, umefanya nusu ya kazi.

Mzee mmoja pale alishauri tuupige waya fundo. Nilimwambia kwa adabu, hapana mzee wangu, fundo kwenye waya ropu linakula nusu ya nguvu yake au zaidi. Mwingine alileta boliti ya trekta iingie mahali pa pini ya sheko, ile pingu ya chuma ya kuunganishia, pini ilikuwa imeonekana nyembamba machoni pake. Hiyo niliikataa kwa sauti ya juu kidogo. Sheko imepigwa muhuri wa mzigo wake ubavuni, na muhuri huo unahesabu pini yake yenyewe, si boliti ya mtaani. Tena watu husahau kapi la juu: waya unapanda kutoka kwenye winchi, unapita kwenye kapi na kushuka kwenye mzigo, kwa hiyo sheko iliyoshika kapi inabeba karibu mara mbili ya mzigo. Kwetu hiyo ni karibu tani moja na nusu. Niliweka sheko ya tani 3 na robo, pini nikaifunga kwa waya mwembamba isijizungushe.

Nilipanda pikipiki kwenda mjini. Duka la kwanza lilikuwa na klipu za bei rahisi mno, za chuma cha kumimina, zenye uso wa chenga. Hizo ni za uzio na za kamba ya kuanikia nguo. Nilikwisha kuona nati ya namna ile ikila meno ya boliti hata kabla haijabana. Duka jingine lilikuwa na za chuma cha kufua, zito mkononi, zenye kipimo kilichopigwa kwenye kikalio. Bei ilikuwa mara tatu, nne hivi. Nikanunua tatu, na kipete cha saizi yake. Kwenye boksi palikuwa na karatasi: waya wa nusu inchi, yaani milimita 12 hadi 13, klipu zisipungue 3, mkia urudi sentimita 29, nati zikazwe kwa mkazo wa nyutoni-mita 88.

Hapo sasa. Spana ya kupimia mkazo niliitafuta gereji tatu. Mmoja anayo lakini imevunjika, wengine walinitazama tu. Nilirudi gesti nimekasirika, si kwa kukosa spana, ila kwa kuwaza miaka yote niliyokaza mpaka basi.

Uwani kwa jirani wa gesti kulikuwa na mnunuzi anapima magunia ya alizeti. Mizani yake ilikuwa ya kuning'inia, ya saa, yenye ndoano chini. Nilikuwa nakunywa chai nikitazama mshale unavyozunguka, ikanijia. Mkazo ni nguvu mara urefu wa mkono wa spana. Nyutoni-mita 88, ukiwa na mkono wa sentimita 30, ni nguvu ya kilo 30. Nilipiga hesabu mara mbili kwenye simu, ikatoka ileile: kilo 30 kwa sentimita 30. Nilicheka peke yangu mpaka mwenye gesti akaja kuuliza.

"Kaka, naomba mizani yako kesho asubuhi," nilimwambia yule mnunuzi. Aliuliza ninapima nini. Nilimwambia nati. Aliniazima, lakini akataka nimwachie kitambulisho.

Asubuhi nilichukua spana ndefu, nikapima kutoka katikati ya nati sentimita 30, nikaweka alama kwa msumeno ili ndoano isiteleze. Jicho jipya nililifunga mbali na pale paliposagika. Kipande kibovu nilikikata kwa diski, baada ya kufunga waya mwembamba pande zote mbili za mkato misuko isifumuke. Klipu ya kwanza niliiweka mwishoni mwa mkia, nikaacha upana wa kikalio kimoja. Ya pili ilikaa karibu kabisa na kipete, nikaibana kidogo tu. Ya tatu ikaenda katikati. Nikauvuta waya ukanyooka, ndipo nikaanza kupima. Mwenzangu alishika spana, mimi nikavuta mizani ikiwa imesimama mraba na spana, maana ukivuta kwa mshazari kipimo kinakudanganya. Ishirini, ishirini na tano, thelathini. Nati nyingine. Tukapokezana nati za kila klipu mpaka zote zikafika bila kusogea.

Kisha nikaomba rangi ya kucha kwa binti wa mgahawani. Ilikuwa nyekundu. Nilipiga mstari mmoja unaokatiza mkia na waya wa mzigo pale vinapotoka kwenye klipu ya mwisho. Mkia ukiteleza hata milimita mbili, mstari unavunjika na jicho la mtoto linauona. Hii rangi sasa haikosi kwenye boksi langu.

Tukanyanyua bomba sentimita tano, tukaliacha linaning'inia dakika 10, kila mtu amekaa mbali na hakuna mkono chini ya klempu. Tukalishusha. Nikapima nati tena: zote zilizunguka karibu robo kabla ya kufika 30. Robo nzima! Mwenzangu alizitazama nati, hakusema kitu. Mstari mwekundu ulikuwa vilevile.

Kuanzia hapo bomba moja baada ya jingine, lifungue, lilaze, shusha waya, endelea. Baada ya kila mabomba matatu nilisimamisha kazi, nikapima nati, nikaupitisha waya mzima kwenye tambara la zamani. Usiupitishe kwa mkono mtupu. Uzi uliokatika unaingia kwenye nyama kama sindano, nina kovu la hilo. Tambara likinasa, unahesabu: kwenye mzunguko mmoja kamili wa msuko, nyuzi 6 zilizokatika, au 3 kwenye msuko mmoja, waya huo si wa kunyanyulia tena. Wetu ulinasa mara moja tu.

Saa kumi na nusu jioni pampu ilitoka, imejaa udongo mwekundu, mota imeungua. Siku mbili baadaye tuliteremsha mpya kwa waya uleule, jicho lilelile.

Mizani niliirudisha na kitambulisho changu nikapewa. Kile kipande cha waya nilichokikata nilimpa mwenzangu. Alikizungusha mkononi, akapitisha kidole gumba kwenye ile mifereji miwili iliyobonyea, akarudia tena. Kisha akachukua rangi ya kucha iliyobaki, akafungua boksi lake la spana, na ndani ya kifuniko akaandika: 30 KWA 30.