Nilivyoweza kutenganisha dabodai ya kweli na dabo ya mashine

Ukiona sarafu herufi zake zimejirudia usianze kupiga hesabu ya kiwanja, nyingi kati ya hizo ni dabo ya mashine na hazina bei yoyote, yenye bei ni dabodai (Kiingereza doubled die). Nasema hivi nikiwa nimeshashika nyingi sana hapa Tanga, za kwangu na za watu wanaoniletea tangu zile video za senti ya Kimarekani inayouzwa mamilioni zianze kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp.

Mzigo ulionifanya nikae chini nijifunze ni kopo la maziwa la marehemu mjomba. Alikuwa baharia, kila bandari aliyoshuka alirudi na chenji mfukoni. Mle ndani kuna heller za Mjerumani, kuna shilingi za Afrika Mashariki za mkoloni zile zenye simba, kuna sungura wetu wa senti hamsini wa 1966, alafu kuna senti za Marekani zenye kichwa cha Lincoln, rundo. Mkaza mjomba akaniambia, "Mwanangu, nasikia hizi zina hela, hebu niangalizie kabla sijapigwa." Maana kulikuwa na kijana anayezunguka mitaani akinunua, na yeye kila sarafu akiishika anasema haina kitu, ila anainunua. Sasa kama haina kitu unainunua ya nini?

Kwanza ilibidi nielewe inavyotengenezwa. Sarafu inagongwa na mihuri miwili ya chuma, mmoja juu mmoja chini, na hiyo mihuri yenyewe inapata picha kwa kukandamizwa na muhuri mama. Zamani mgandamizo mmoja ulikuwa hautoshi, chuma kinakuwa kigumu, kinapelekwa motoni kilainike, kinarudishwa kukandamizwa tena. Kikirudi kimekaa upande kidogo tu, muhuri unabeba picha mbili, na kila sarafu itakayogongwa na muhuri huo inatoka na picha mbili zilezile, sehemu ileile. Hiyo ndo dabodai. Dabo ya mashine ni kitu kingine kabisa, muhuri hauna shida, ila umelegea kwenye mashine, ukishagonga unacheza kidogo na kuisugua sarafu ambayo imeshachorwa tayari. Ni ajali ya sarafu hiyo moja, ya pili yake inaweza kutoka safi au ikatoka na dabo ya namna nyingine.

Kwa macho matupu zinafanana, hapo ndo watu wanapoibiwa. Mi niliazima lenzi ya mara kumi kwa fundi saa mmoja pale Ngamiani (baadae nikanunua yangu, maana fundi alianza kuninunia) na nikawa naangalia kwa taa moja tu ya mezani iliyokaa pembeni, sio tochi ya simu kutokea juu, ile inaua vivuli vyote na kila kitu kinang'aa. Unaizungusha sarafu taratibu chini ya taa huku unaangalia ukingo wa herufi. Dabo ya mashine utaona kama baraza la nyumba, bapa, liko chini, linang'aa, na limekatwa kutoka kwenye ukuta wenyewe, yani herufi imeliwa, imebaki nyembamba kuliko ya sarafu isiyo na dosari. Dabodai inaongeza, haili. Herufi inakuwa nene, picha ya pili ina mgongo wa mviringo kama ya kwanza, na kwenye pembe za herufi, mfano ncha za T au E, unaona kijipengo kinachozigawa mbili. Ukishakiona kile kijipengo mara moja hukisahau. Ndo maana mi kila mara naweka pembeni senti nyingine ya mwaka uleule, nzima, nalinganisha unene wa herufi, bila hivyo unabaki kubahatisha.

Kwenye kopo kulikuwa na senti ya 1955, na hapo roho ilinienda mbio kwa sababu dabodai ya mwaka huo ndo yenye jina kuliko zote. Iligongwa kwenye kiwanda cha sarafu cha Marekani kule Philadelphia, na walipokuja kugundua, zaidi ya elfu 20 zilikuwa zimeshachanganyika na zisizo na dosari, wakaziachia, nyingine watu wakazikuta ndani ya pakiti za sigara zilizouzwa na mashine, zimewekwa mle kama chenji. Leo moja inavuka dola elfu. Ila ile ya kweli mwaka na maandishi yote ya upande wa kichwa yameachana wazi, huhitaji hata lenzi. Ya mjomba ni ile 5 ya mwisho tu iliyotanuka na kufifia, hiyo ni ya muhuri uliochakaa, inauzwa bei ya kutupa.

Nyingine ilikuwa 1969 yenye kiherufi S chini ya mwaka, kinachoonyesha iligongwa San Francisco. Kiherufi hicho ndo kilinimalizia kazi. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 80 Wamarekani walikuwa wanakigonga kwa mkono kwenye muhuri baada ya picha kushaingia, kwaiyo kwenye dabodai ya kweli mwaka unajirudia lakini S inabaki moja. Yetu S nayo ilikuwa imejirudia, upande uleule na mwaka, tena bapa. Mashine hiyo.

Iliyofaulu kuwa dabodai ya kweli ni moja tu, ya 1995, neno LIBERTY na IN GOD yamejirudia kwa unene, pengo zipo kwenye pembe, nikailinganisha na picha za nyingine za muhuri uleule zikalingana kila kitu. Sio ya mamilioni, ni ya makumi ya dola ikiwa safi, na ya mjomba ilikuwa na mikwaruzo.

Yule kijana aliporudi nilimpa lenzi, nikamweka senti ya 1995 na ya 1969 mezani nikamwambia achague moja. Akachagua 1995 bila hata kuinama kuangalia. Mkaza mjomba akamwambia, "Kumbe unajua! Basi taja bei upya, na hiyo ya jana usiirudie."