Siku moja maishani mwangu: fundi wa majaketi ya jinzi, Jang'ombe

Nikiwaambia watu kwamba natengeneza majaketi ya jinzi nyumbani, huniuliza nani atavaa jinzi Unguja na joto hili. Wanawasahau vijana wa bodaboda wanaopigwa na upepo tangu alfajiri. Wanausahau usiku wa kipupwe, na wale wanaopanda boti ya asubuhi kwenda Dar wakikaa juu kwenye baridi. Swali la pili ndilo linaloniuma: "Kumbe unauza mitumba?" Siuzi mitumba. Nanunua jaketi lililokwisha kuchoka, naliangalia mshono kwa mshono, nalifua, nalifumua, nalishona upya. Na yapo machache nimeyatundika chumbani ambayo siyauzi hata kwa bei gani.

Siku ninayotaka kuieleza ni Alhamisi iliyopita. Ilinichosha mpaka vidole vikafa ganzi, lakini kazi iliyotoka naionea fahari.

Saa 11 alfajiri. Nikasali, nikanywa chai na mkate wa jana, nikatoka.

Saa 12 na nusu. Darajani, nje ya duka la mfanyabiashara mmoja aliyeniahidi kufungua robota la jinzi. Robota likifunguliwa hakuna adabu ya foleni, mwenye mkono mwepesi ndiye anayepata. Mie sitazami rangi. Kwanza napima uzito kwa kiganja, kwa sababu jinzi nyepesi iliyochanganywa mpira haibebi darizi, inakunjamana. Kisha nageuza ndani. Jinzi ya kweli nyuzi za urefu ndizo zilizotiwa buluu, za upana ni nyeupe, ndiyo maana upande wa ndani huwa mweupe. Na ile buluu haifiki kwenye kiini cha uzi, imekaa juu juu tu. Ndiyo sababu jinzi hupauka kwenye viwiko na kwenye kingo, pale mwenyewe alipokuwa akikunja mkono, na hakuna fundi anayeweza kuighushi alama hiyo nikaiamini. Halafu natazama kile kitambaa kidogo chekundu chenye jina, kilichoshonwa ukingoni mwa mfuko. Levi's, kampuni ya jinzi ya Marekani, wakiandika jina lao kwa E kubwa mpaka 1971, baadaye wakaweka e ndogo. Sura ya jaketi ambayo wengi wanaijua leo, yenye mifuko miwili ya kifuani iliyochongoka na mishono inayoshuka kama herufi V, waliitoa 1962. Lee, kampuni nyingine ya huko huko, nao walikuwa na mshono wa kwenda kombo kombo kando ya vifungo. Ninalo moja la Lee la marehemu ami yangu, alikuwa baharia, alirudi nalo kutoka safari zake. Limechanika kwapa na sijalitia sindano bado, kwa sababu sijapata uzi unaofanana na wa asili.

Siku hiyo nilitoka na matatu, moja la kiume, pana, la mtindo huo wa 1962, bila chapa ya maana lakini kitambaa kizito na vifungo vyote vya shaba vipo. Elfu 15.

Saa 3. Kufua kwa maji baridi, nje ndani, na kuanika kivulini. Harufu ya mitumba haitoki kwa sabuni peke yake, likishakauka nalifukiza udi kwenye chetezo kama tunavyofukiza nguo zetu. Vifungo navisugua kwa ndimu na chumvi, maana hewa yetu ya bahari huvitia kutu ya kijani.

Saa 4 ndipo alipoingia yule dada wa Kwahani.

Alikuja na mwanawe wa skuli ya mchana, na kanga mpya moja aliyoitoa kwenye doti yake, bado imekunjwa kama ilivyotoka dukani. Akalivuta lile jaketi pana kambani, halijakauka vizuri, akalivaa. "Hili hili. Mdogo wangu, nnalitaka leo. Usiku kuna taarabu ya harusi, na mie ntakwenda kutunza. Nataka nikisimama mbele ya muimbaji, walio nyuma yangu wasome." Jina la kanga lilikuwa *Mdhaniaye ndiye kumbe siye*. Sikuuliza anamwambia nani. Anayejua taarabu zetu anajua kwamba ile noti humwendea muimbaji, lakini maneno humwendea mtu aliyekaa kitini.

Nikamwambia kanga lazima ifuliwe kwanza. "Ifuliwe ipauke? Sijaivaa hata mara moja!" Nikamweleza kwamba kanga mpya ina wanga na ni pamba isiyowahi kufuliwa, na jaketi hili limeshafuliwa miaka na miaka. Nikizishona pamoja hivyo hivyo, siku atakapolifua kanga itaruka ndani na mgongo mzima utakunjamana, na pengine rangi itavujia kwenye mishono. Akakubali kwa shingo upande, akakaa mkekani kulinda ndoo.

Kanga ikauka upesi, jua lilikuwa kali. Nikaipiga pasi ya mkaa, nikaitandaza, nikatoa utepe wa kupimia. Hapo ndipo tabu ilipoanza. Jina lilikuwa sentimita 50 kutoka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. Kipande cha mabega, mkono kwa mkono, sentimita 42. Halikai. Nikasema tulikate mistari miwili, *Mdhaniaye ndiye* juu, *kumbe siye* chini.

"Jina halikatwi!" Akasimama kabisa. "Ushungi wangu ukiangukia juu watasoma *kumbe siye* tu, watajua nini? Na nikiinama wakasoma mstari wa juu peke yake, si nimesema kinyume?"

Alikuwa anaudhi, na alikuwa na haki. Jina la kanga limechapwa mstari mmoja lisomwe kwa pumzi moja. Lakini aliendelea: basi punguza herufi. Herufi zimechapwa, dada, sizipunguzi. Basi andika kwa rangi. Rangi ya kitambaa haikauki ikashika barabara kwa saa chache hizi. Basi tafuta jaketi kubwa zaidi. Kubwa zaidi litamvaa yeye. Simu yake inalia, anapokea, anarudi, anaanza mwanzo. Shoga yake mmoja akapigiwa atoe shauri, nikalisikia lote kwa sauti ya juu. Adhuhuri ikaadhiniwa tukiwa palepale. Mtoto akala chapati yangu, akaenda skuli, nami sijakata hata uzi mmoja.

Nikaliweka jaketi mezani nikalitazama bila kusema. Ukanda wa kiuno. Nyuma, kutoka mshono wa ubavu mpaka wa ubavu, sentimita 52. Upana wake kama 4, na herufi za jina hazizidi 3. Linakaa lote, kwa mstari mmoja, na ushungi haufiki huko. Kutunza mtu husimama, hakai. Nikabandika jina kwa pini, nikamvalisha, nikamwita jirani asimame mlangoni kwenye kibaraza asome. Akasoma kwa sauti, moja kwa moja. Yule dada akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu saa 4.

Sasa wasiojua hudhani kazi imekwisha hapo. Ukanda wa kiuno wa jaketi la jinzi ndio mahali pazito kuliko pote. Mishono ya mgongo yote inashukia hapo, na kila mshono umekunjwa kitambaa juu ya kitambaa kisha ukapigwa uzi mara mbili. Tena mtindo huu una ndimi mbili nyuma, zenye vifungo vya kukazia kiuno, na zimekaa juu ya njia ya jina. Nikafumua ndimi zote mbili, nikazisogeza mbele ya ubavu. Nikaweka kila makutano ya mishono juu ya ubao nikayapiga nyundo mpaka yakalala. Nikatia sindano nambari 18. Nikakunja kingo za jina milimita kwa milimita, kwa sababu ukila kidogo zaidi, mkia wa herufi unapotea. Cherehani yangu ni ya miguu, nikifika kwenye makutano naacha kukanyaga, nazungusha gurudumu kwa mkono, tundu moja moja. Sindano ikavunjika. Nikatia nyingine.

Alasiri yule dada, keshakwenda kwake, akapiga simu kwamba anataka na pindo kwenye mikono. Pindo la kanga lilikuwa limebaki, na kweli lingependeza, nikasema elfu 10 zaidi. Akasema "haya, haya," na nikajua kabisa kwamba tutagombana baadaye.

Mgongoni nikatia mji wa kanga, kipande cha kati tu, nikauzungushia uzi wa rangi ya chungwa kama ule wa asili wa jaketi. Hapo kazi ilikuwa tamu. Bibi yangu alikuwa akishona kofia za viua, zile za vitundu vilivyodariziwa kwa mkono, kibarazani, mwezi mzima na zaidi kwa kofia moja, na mkono wa kutohimiza uzi nimeupata kwake. Viua vyake sasa naviweka kwenye kola. Ninalo jaketi la kijana wa bodaboda lenye kola hiyo, nimemwahidi Ijumaa, na siku nzima lilikuwa linaningoja kwenye kiti.

Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri. Mgongo ulikuwa unaniuma, nimekula urojo nikiwa nimesimama. Magharibi umeme ukakatika, mkono wa pili nikaumalizia kwa taa ya simu.

Akaja kabla ya Isha, amejipamba, ananukia asumini. Akalivaa, akajigeuza. Akasema ni zuri mno, halafu akatoa elfu 60 tuliyokubaliana mwanzo. Nikamkumbusha pindo. "Kipande kidogo vile, mdogo wangu? Na kanga ni yangu." Nikamwambia kanga ni yake, jaketi nimelinunua mie, na mikono yangu imeshinda humu tangu asubuhi, akitaka niyafumue mapindo nitayafumua sasa hivi. Nilimaanisha. Mkasi ulikuwa mkononi. Akafungua pochi tena, akanimalizia kwa noti ndogo ndogo alizokwenda kuchenji kwa ajili ya kutunza, nami nikazihesabu zote mbele yake.

Ukitoa jaketi, uzi, sindano na mkaa, kilichobaki ni ujira wa siku nzima, na sioni aibu kuudai.

Umeme uliporudi nikavuta kiti, nikachukua kola ya yule kijana. Upande mmoja ulikuwa bado haujatiwa viua, na Ijumaa yenyewe ndiyo kesho.