Maji Mafu Wikiendi ya Kamera

Kwenye karatasi, mwanzo wa filamu yetu ulishakamilika. Jua linachomoza nyuma ya mwamba wa Paje, kijiji cha pwani Unguja, bahari imetoka mpaka jicho halifiki, akina mama wamejitwika magunia wanakwenda kwenye mashamba ya mwani, vivuli vitupu mbele ya anga jekundu. Sekunde arubaini bila neno. Mwongozaji wetu aliichora na kuichora upya shoti hiyo, na jua likizidi kuwa kubwa. Mimi ndiye mpiga picha, na lenzi nilishaichagua.

Ilikuwa kazi ya chuo, ya dakika kumi: binti anarithi shamba la bibi yake wakati cottonii, mwani wenye bei nzuri, unakufa kwa maji kupata joto, na inabaki spinosum ya bei ya chini. Unguja mwani unalimwa kibiashara tangu 1989, kwa hiyo bibi wa hadithi angekuwa miongoni mwa wakulima wa mwanzo. Sheha, kiongozi wa serikali pale kijijini, tulishampelekea barua. Kamera ya chuo tuliandikishwa Ijumaa mpaka Jumatatu.

Tukapanda daladala kwenda kuonana na mkulima aliyekubali kutupokea. Tulimkuta kibarazani, kivulini, anafunga mbegu kwenye kamba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu, karibuni."

Mwongozaji akamfunulia daftari. Bibi akalitazama lile jua kwa muda.

"Alfajiri yote hii, hawa wanakwenda wapi?"

"Shamba, bibi."

"Kwa kuogelea?"

Akatuhesabia kwa vidole, kwa tarehe za mwezi wa kuandama, si za kalenda ya chuo. Wikiendi yetu ilikuwa maji mafu: bahari inatoka kidogo inarudi, na hapana anayekwenda shamba. Kazi ni ya bamvua, bahari inapotoka mbali, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na bamvua la pwani ile hukauka saa nne, saa tano asubuhi. Jua linapochomoza siku hizo maji ndiyo kwanza yanatoka. Jua letu na pwani yetu tupu havikutani.

Saa nne, kwa mpiga picha, ni balaa. Jua limeshapanda, mchanga wa Paje mweupe pe, ukiipimia kamera uso wa mtu anga linapotea, ukiipimia anga uso unakuwa giza. Mwongozaji akashauri tuwaombe akina mama watembee tu ukingoni alfajiri, kwa ajili ya picha. Nikakataa. Tukabishana palepale kwa sauti ya chini, jambo la aibu mbele ya mwenyeji. Nilimwambia mwanamke wa Paje akiiona atacheka kabla jina la filamu halijatokea, na tulishasema tunawatengenezea wao. (Jua la Paje limejaa kwenye kadi za watalii, halikuwa na haja na sisi.)

Bibi muda wote anafunga. Kipande cha mwani, kikamba, fundo, anasogeza kamba. Wala hatazami mikono yake. Nikasema tuanzie hapa. Kibarazani, kwenye giza lile, vidole tu, na sauti za wanawake wanaozungumza nje ya picha. Wanainuka, wanatoka. Kisha tukate moja kwa moja mpaka pwani ya saa nne. Weupe niliokuwa naukimbia ukapata kazi: mtazamaji naye akunje uso, kama yeyote anayetoka kivulini.

Mwongozaji akafungua ukurasa mpya. Hakusema nimeshinda, alisema shoti ya vidole iwe ndefu zaidi.

Ikabaki kuomba kamera tarehe nyingine, na masharti ya bibi.

"Mikono na miguu pigeni mtakavyo. Nyuso, ulizeni mtu mmoja mmoja. Na mwezi ukiwa wa siku kumi na sita mje na watu wenye nguvu. Mwani mbichi mzito, na mimi sitobeba gunia huku mnanitazama."

Mwongozaji akaandika chini ya storibodi: wabebaji wawili.