Pancha ya saa nane usiku

Simu ililia saa nane kasoro usiku. "Mama Pendo, macho yamekataa." Alikuwa dereva wetu mmoja, mzee tunayemwita Guka, amesimama Mtito Andei na kontena la vigae kutoka Mombasa. Mteja alitaka mzigo wake Nairobi saa moja asubuhi.

Kazi yangu ni kupanga safari za malori katika kampuni moja ya uchukuzi huku Viwandani, Nairobi. Sheria ya uzito naijua kama sala: lori la ekseli sita, ya mbele tani 8, mbili za nyuma ya kichwa tani 18, tatu za trela tani 24, jumla 50. Ukizidisha, mizani ya Mariakani itakuumbua kabla hujafika Voi, na ya Athi River inakungoja. Bosi wangu anaiogopa mizani kuliko anavyomwogopa mkewe. Spidi gavana nayo imefungwa kwenye 80. Kila mwaka tunapeleka magari kukaguliwa Barabara ya Likoni, breki zimekazwa, stika za kung'aa zimebandikwa upya (safari moja tuliazima pembetatu za tahadhari za jirani, Mungu anisamehe).

Sasa kuna kifungu kingine cha Sheria ya Trafiki ambacho pale ofisini hakitajwi kabisa: dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24. Mombasa hadi hapa ni kama kilomita 480. Gawanya kwa 8 upate 60 kila saa, bila kusimama mizani, bila chai, bila foleni ya Mlolongo. Lori la tani 50, likitambaa kutoka pwani kupanda huku juu, litaitoa wapi hiyo 60? Lazima mtu alale njiani. Lakini dereva wetu analipwa kwa tripu, na Guka ana wajukuu wawili anaowalipia karo. Ekseli zinapimwa mara mbili njiani. Macho ya Guka sijawahi kusikia yamepimwa popote.

Nikamwambia, "Zima injini, mzee wangu, lala." Kisha nikawaandikia mteja na bosi: gari limepata pancha Mtito, tutatengeneza kukicha. Ningeandika kwamba dereva amelala, simu ingenililia hadi alfajiri. Bosi alijibu baada ya dakika mbili: "Pancha haina mwenyewe. Achunge dizeli isifyonzwe."

Guka aliingia yadi adhuhuri, macho meupe, amenyoa hata ndevu. Bosi akatoka na kikombe chake cha chai, akalizunguka lori, akagonga tairi kwa kiatu moja baada ya nyingine, zote 22. Akaniuliza ni ipi.

Nikamwonyesha moja ya trela, upande wa kushoto.