Bolti ya injini ilikatika, hivi ndivyo nilivyoipata saizi yake

Boda yangu ilikuwa inatetemeka balaa, kumbe bolti moja ya kushikia injini kwenye fremu imekatika, nati imebaki. Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi nikaomba bolti namba 10, nikapewa, kufunga, ile nati iliyobaki ikaingia raundi mbili ikagoma, nami nikataka kuilazimisha na spana. Namshukuru sana fundi alinizuia, akaniambia kaka hizo nyuzi sio zake. Akafungua bolti nzima ya upande wa pili akazilaza pamoja uzi kwa uzi, ukiziinua kwenye mwanga unaona kabisa zinaachana. Unene uleule milimita 10, ila ya pikipiki uzi hadi uzi ni 1.25, ya dukani 1.5. Hata kichwa, yangu inakula spana 14, ile 17.

Basi nikaenda duka la spea na sampuli mkononi, nikachagua iliyoandikwa 8.8 kichwani, yaani namba ya uimara wa chuma chake, maana isiyo na namba kwenye injini mimi siweki, na nati mpya yenye plastiki ndani isilegee. Nikaijaribu kwa vidole palepale, ikateleza mpaka ilipogusa plastiki. Mwezi wa tatu huu haijacheza.